Siku Kuku wa Baba Alipougua

Mama yangu ni fundi cherehani, na kama mafundi wengi wa kike, kazi yake huifanya na pini mdomoni. Huzibana safu nzima kati ya midomo, anachomoa moja moja akikunja pindo la sketi, na ukimuuliza jambo atakujibu "mm" tu. Kwa hiyo sisi watoto tulikua tukiamini kwamba mama si mtu wa maneno. Siku akizitema pini zote kwenye kisahani, hapo ujue kuna neno, tena zito.

Neno lenyewe mara nyingi lilikuwa lile lile: "Baba yenu ndivyo alivyoumbwa."

Sentensi hiyo nimelishwa kuliko nilivyolishwa uji. Baba alikuwa msoma mita wa idara ya maji. Kazi yake ilikuwa kuingia katika ua wa kila mtu, kuinama, kufunua kifuniko, kufuta kioo cha mita kwa kitambaa, kuandika tarakimu na kwenda zake. Mtaani walimwita Mzee Mita, wakamsifu kwa kuwa hana makuu, hapokei chai ya watu wala hachungulii madirisha. Nyumbani naye alikuwa hivyo hivyo. Aliingia, akainama, akatazama, akatoka. Hakutupiga, hakulewa, hakulala nje. Lakini sikumbuki siku aliyonitazama usoni akaniuliza nimeamkaje. Nilipoanguka ukutani nikiwa mdogo, aliushika mkono wangu, akaugeuza, akasema, "Umevunjika," kwa sauti ya mtu anayesoma mita, kisha akarudi kwenye gazeti lake. Mama ndiye aliyenifunga kitambaa shingoni akanikimbiza hospitali.

Mama hakutaka tumseme vibaya. Alitueleza kwamba baba alifiwa na wazazi akiwa mdogo, akalelewa na baba mdogo ambaye salamu zake zilikuwa viboko. Hakuna aliyemwambia neno zuri, basi yeye angelitoa wapi? Mtu hatoi asichonacho. Utamgombeza kipofu kwa kutojua rangi ya shati? Ndivyo alivyokuwa akituuliza, na sisi tulikuwa tukinyamaza kwa sababu swali la namna hiyo halina jibu.

Kuna mdogo wangu mmoja ambaye hakuwahi kupewa jina. Mama alishikwa na uchungu kabla ya wakati, asubuhi, baba akiwa anafunga kamba za viatu. Alimaliza kufunga viatu, akachukua begi lake la kazi, akasema wanawake wanazaa kila siku, akaenda kusoma mita za watu. Mama alikwenda hospitali akiegemea bega la jirani. Mtoto alitoka kimya na kimya chake hakikukatika. Baba alifika wodini jioni, akasimama mlangoni kofia mkononi, na alichouliza ni ufunguo wa stoo uko wapi. Habari hii sikuipata kwa mama. Niliipata kwa huyo jirani, ambaye mpaka leo hawezi kuimaliza bila kutukana. Mama hata kwa hilo alikuwa na la kusema: "Aliogopa tu. Hakujua aseme nini. Nani alimfundisha?"

Basi mimi nikakua, nikaolewa, na kwa akili zangu nyingi nikaolewa na fundi wa majokofu. Msicheke. Ni kijana mtulivu, kazi anayo, heshima anayo, na wazee wote waliomwona walisema nimepata. Mimba yetu ya kwanza iliharibika nikiwa bafuni. Nilimwita. Alikuja, akatazama sakafu, akanitazama mimi, akasema nivute subira kidogo, mpira kwenye runinga unakaribia kuisha. Kisha kweli, mpira ulipoisha, akatafuta teksi. Hakuchelewa sana, wala sitamsingizia kwamba alinipeleka kwa shingo upande. Tulikwenda tumekaa kiti cha nyuma na katikati yetu paliwekwa mkoba wangu.

Nilipotoka hospitali nilirudi kwetu na begi.

Hapo ndipo nilipojua kwamba kuna makosa ya ndoa yasiyo na jina. Wazee wa pande zote mbili walikaa, wakaniuliza: Anakupiga? Hapana. Analewa? Hapana. Ana mwanamke nje? Hana. Anakunyima chakula? Ananipa. Sasa binti yetu, kosa lake ni nini? Nikafungua mdomo nikafunga. Ningewaambia nini? Kwamba siku ile bafuni nilitaka anishike kichwa? Mtu mzima unasimama mbele ya wazee kudai ushikwe kichwa? Walitazamana, wakatabasamu kwa huruma, wakasema ni uchungu wa mimba, utapita. Mama akazitema pini. "Mwanangu, ndivyo alivyoumbwa. Mvumilivu hula mbivu. Utarudi." Sikumwambia kwamba mbivu zenyewe sijawahi kuziona mezani kwake. Yeye ndiye aliyekuwa mfano wangu, na mfano akishasema, mwanafunzi hana ubishi. Ikapangwa Jumamosi alasiri mjomba wa mume wangu aje kunichukua.

Jumamosi hiyo ndiyo kuku wa baba aliyougua.

Huyo kuku alisahauliwa na mpangaji wa nyumba ya nyuma alipohama. Baba alikuwa amestaafu, hana ua wa kuingia tena isipokuwa wake mwenyewe, akamkuta kuku anazunguka bombani. Alikuwa kuku wa kawaida tu, wa rangi ya majivu, ila kichwani ana manyoya yaliyosimama, basi baba akamwita Kishungi. Tulishangaa. Baba hajawahi kumpa mtu jina la utani. Mama humwita "wewe", na sisi hutuita kwa majina kamili kama mwalimu anayeita mahudhurio. Sasa ana Kishungi anayekula mahindi kiganjani mwake, na mvua ikinyesha humbeba na kumwingiza chumba cha cherehani kwa kuwa ndicho chumba kikavu kuliko vyote. Mama alimkanya. "Kuku na nyuzi havikai chumba kimoja." Baba alijibu "mm", na mvua iliyofuata Kishungi alikuwa tena chini ya meza, anadonoa.

Asubuhi ile mimi nilikuwa nakunja nguo zangu. Mama alikuwa na lundo la sare za wanafunzi, shule zikikaribia kufunguliwa, anashona mikono ya mashati. Tukasikia mtu anaongea uani. Sauti ya mwanamume, ya chini, laini, inayobembeleza.

"Pole, mama. Pole sana. Unaumwa wapi? Hebu nione. Niambie unaumwa wapi. Nipo, nipo hapa hapa."

Mguu wa mama ukasimama kwenye pedali. Mimi nilidhani tumepata mgeni, na nikajisemea moyoni kwamba mgeni huyu ana mke mwenye bahati. Nikachungulia dirishani. Alikuwa baba. Amepiga magoti kwenye matope, suruali yake ile anayoikunja kwa mstari, na kifuani amemkumbatia kuku.

Nilitazama nyuma. Mama alikuwa ametema pini, lakini hazikwenda kwenye kisahani. Zilikuwa zimetawanyika sakafuni.

Baba aliingia naye. Kishungi alikuwa amejikunyata, mkia chini, macho nusu wazi. Kile kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo kilikuwa kimevimba, kigumu kama mpira wa matambara, na alipofungua mdomo harufu ya uchachu ilijaa chumba. Ilivyo, kuku akilala, asubuhi huamka kifuko hicho kikiwa kitupu. Chake kilikuwa kimejaa na hakuna kinachoshuka.

"Nyuzi zako zitaniulia kuku," baba akamwambia mama.

"Nani alimwingiza?" mama akauliza.

Baba alikuwa tayari anamtafuta daktari wa mifugo kwenye simu, anabonyeza namba anakosea, anabonyeza tena. Mtu aliyesoma tarakimu maisha yake yote alishindwa kuipiga namba ya simu. Nikamnyang'anya, nikampigia, nikaweka sauti ya juu ili wote tusikie.

Daktari alikuwa mbali, kwenye chanjo ya ng'ombe. Tuliwasikia wakilia nyuma yake. Alikuwa mtu mstaarabu, hakutucheka. Alituagiza tumtie mafuta kidogo ya kupikia mdomoni na kukikanda kifuko taratibu kwa vidole. Baba alikanda. Alikanda kwa upole ambao sitausahau, kidole gumba kinazunguka polepole, na kila kuku alipojikaza alimwambia, "Najua, najua, inauma." Haikusaidia kitu. Kishungi alianza kuhema mdomo wazi. Tukapiga simu tena, daktari akasema basi, humo mna kitu kilichosokotana, mafuta hayawezi kukifungua, lazima apasuliwe leo, na yeye leo hafiki.

"Kuna mtu hapo mwenye mkono mtulivu?" akauliza.

Baba akamtazama mama. "Mke wangu ni fundi," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza namsikia akimtaja kama mtu anayejivunia.

Daktari alizungumza na mwenye duka la dawa za mifugo ili atupe ganzi na dawa ya kusafishia kidonda, na kipimo akamtajia huyo mwenye duka. Baba akakimbia. Nasema akakimbia. Miaka yote nimemwona akitembea kwa hatua zile zile za mtu anayelipwa kwa mwezi; siku ile alitoka na ndala zisizofanana, akasimamisha pikipiki katikati ya barabara kwa mikono miwili.

Tukabaki mimi, mama na kuku. Mama alikuwa amempakata.

"Mama," nikasema, "si achinjwe tu yaishe? Kuku ni kuku."

Mama akauliza, "Umesikia alivyokuwa akimwambia?"

"Nimesikia."

"Na wewe umesikia," akasema, kama mtu aliyekuwa na wasiwasi kwamba masikio yake yamemdanganya, na sasa amepata shahidi asiyemtaka.

Baba aliporudi, mama alikuwa ameshachemsha sindano yake nyembamba kuliko zote pamoja na uzi wa hariri, na amefuta meza ya kukatia nguo kwa maji ya moto na sabuni. Alinawa mpaka kwenye viwiko. Mimi nilishika simu karibu na sikio lake. Baba alimfunga kuku kwa taulo, akamlaza, akamshika kichwa. Ganzi ikachomwa. Tukangoja ishike, kisha mama akanyonyoa manyoya kidogo, akapaka dawa, akachukua wembe mpya.

Sitawachosha kwa damu, nayo haikuwa nyingi. Daktari alimwelekeza akate ngozi kwanza, akwepe vile vimishipa vyekundu, ndipo akate kifuko chenyewe, tundu dogo tu. Mama akaingiza kibano chake cha kuchomolea nyuzi. Alichotoa kilikuwa kamba. Nyuzi za buluu za sare, nyuzi nyeupe, majani, kipande cha bitana, sponji ya bega la koti, vyote vimesokotana kama kamba ya kufungia mzigo. Alivuta polepole asije akachana kitu ndani. Kila alipovuta, baba alifumba macho.

"Vumilia, mama," alikuwa akimnong'oneza kuku. "Kidogo tu. Umejitahidi. Hodari wangu."

Jasho lilikuwa likimtiririka mama, likamwingia jichoni. Alipepesa. Baba alikuwa na mkono mmoja usio na kazi, na mkono huo ulikuwa ukimpapasa Kishungi manyoya ya kichwani. Nikaweka simu chini, nikamfuta mama uso kwa mkono wa gauni langu, nikaishika simu tena. Nilimchukia baba wakati ule. Nasema wazi, kwa sababu baadaye watu walikuja kutuambia ni hadithi nzuri, mzee na kuku wake.

Mama aliosha ndani kwa maji ya chumvi ya vuguvugu. Daktari akasema, "Sasa sikiliza vizuri, mama. Shona kifuko peke yake. Ukimaliza, shona ngozi peke yake. Usivishike pamoja, vikigandana atakufa."

"Kama bitana na koti," mama akasema.

"Hivyo hivyo."

Akashona. Mishono midogo, iliyolingana, kwanza ndani, kisha nje. Mkono wake haukutikisika hata kidogo, na hapo nilijua ana hasira, maana mama akiwa na furaha hushona huku anatingisha mguu. Alikata uzi kwa mkasi, yeye ambaye siku zote huukata kwa meno. Daktari alimpongeza, akatupa masharti: maji kidogo kidogo, chakula laini kesho, alale mahali pakavu, na nyuzi zisimkaribie tena. Simu ikakatika.

Baada ya muda Kishungi alifumbua jicho, akageuza kichwa, akajaribu kusimama. Baba alilia. Hakulia kwa sauti, machozi tu yalishuka kwenye mikunjo ya mashavu na yeye hakuyafuta. Aliketi kwenye kigoda cha uani, kuku mapajani, na akaanza kumpa maji kwa kijiko cha chai.

Mama alinawa mikono. Alinawa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akatoka akasimama mbele yake. Mimi nilikuwa mlangoni. Walijua nipo, wala hawakunijali.

"Maneno haya unayatoa wapi?" mama akauliza.

"Maneno gani?"

"Hayo unayomwambia kuku."

Baba alifikiri. Haki yake nampa: alifikiri kweli, hakutafuta pa kutorokea. "Sijui," akasema. "Yanakuja yenyewe."

"Na siku ile ya mtoto? Hayakuja?"

Kijiko kilisimama hewani. Niliomba kimoyomoyo aseme hapana. Sijui kama mama naye aliomba hivyo, lakini nadhani aliomba. Neno moja tu, hapana, hayakuja, na maisha yake yote yangebaki kama alivyoyapanga.

"Yalikuja," baba akasema.

Mama hakusogea.

"Yalikuja, nikayameza. Nilifika wodini nikiwa nayo. Nikakuona umelala umegeukia ukuta. Nikasema, nikimwambia pole, atalia. Akilia, itabidi nikae." Aliangusha tone moja la maji kwenye mdomo wa kuku, akangoja alimeze. "Kuku ukimwambia pole, imeishia hapo. Hakuulizi kitu. Mtu ukimwambia pole moja anataka ya pili. Na wewe ulikuwa unajiweza. Nilikuona unajiweza."

Aliyasema bila ubaya wowote, kwa sauti ya mtu anayekueleza kwa nini bomba fulani halitoi maji. Na mama alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaitikia, "Haya," akaingia ndani.

Nilitaka kumfuata lakini nikasikia hodi getini. Mjomba wa mume wangu amefika mapema. Ni mzee mnene, mcheshi, mwenye shati lililopigwa pasi likasimama, na hawezi kuingia mahali bila kutupa utani. Alipomwona baba amempakata kuku akacheka. "Naona mmeniandalia kitoweo, mkwe. Msingejisumbua."

Baba akamfunika Kishungi kwa taulo.

Nilimletea mjomba kiti pale uani. Mama akatoka, wakasalimiana, wakaulizana habari za nyumbani na za wagonjwa. Kisha mjomba akapiga magoti yake kwa viganja, ishara ya mtu anayetaka kufunga shughuli. "Haya. Mwenyewe yuko tayari? Kijana anamngoja. Nyumba kaisafisha mwenyewe."

"Harudi," mama akasema.

Mjomba alidhani ni utani, akatabasamu, akangoja kipande cha pili. Hakikuja.

"Mkwe, mbona tulishakubaliana?"

"Tulikubaliana mimi nikiwa sijui."

"Hujui nini? Wazee tulikaa hapa hapa, tukauliza kosa la kijana ni lipi, likakosekana. Leo limepatikana?"

"Limepatikana," mama akasema. "Mchoyo."

Mjomba akashtuka kweli. "Mchoyo? Yule? Amemnyima nini? Chakula kipo, nguo zipo, teksi ya hospitali alilipa yeye."

"Mimi ndiye niliyemwambia mwanangu kwamba mumewe hana. Nikamwambia mtu hatoi asichonacho, avumilie. Nilimdanganya, ingawa sikujua kwamba namdanganya. Wanacho, mkwe. Wanacho tele. Wanakaa juu yake kama mtu aliyekalia gunia la mchele watoto wake wakilala njaa, kwa sababu akifungua gunia watu watazoea kula. Asiye na kitu nilimwelewa maisha yangu yote. Mwenye nacho akakunyima, huyo simwelewi, na simpelekei binti yangu."

Sijawahi kumsikia mama akisema maneno mengi hivyo kwa mfululizo. Mjomba naye alipoteza utani wote. Alinitazama mimi, akaona sina la kumsaidia, akamgeukia baba, maana katika mambo kama haya mwanamume humtafuta mwanamume mwenzake.

"Mzee mwenzangu, wewe ndiye mwenye nyumba. Hebu sema neno."

Baba alikuwa anachovya kijiko kwenye kikombe cha maji. Hakuinua kichwa. "Mama yake ndiye anayejua," akasema, kisha akamwambia kuku kwa sauti ya chini anywe, anywe kidogo tu.

Mjomba akamtazama baba na lile taulo. Sijui alielewa nini. Aliinuka, akavaa kofia, akatuaga kwa adabu, akasema atafikisha ujumbe. Nilimsindikiza mpaka getini kwa sababu ni mzee na hakunikosea. Pale getini aliniuliza taratibu, "Kweli hutaki, au ni mama yako?" Nikamwambia sitaki. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo kwa sauti.

Nilirudi ndani nikiwa na furaha ya wizi. Nilichokuwa nakililia kwa wiki nzima nimekipata, tena nimepewa na mtu yule yule aliyekuwa amenikatalia. Nikaingia chumba cha cherehani kumshukuru. Mama alikuwa ameketi mashineni, shati la sare chini ya sindano, lakini hashoni. Pini zilikuwa bado zimetapakaa sakafuni na hakuna aliyeziokota.

"Asante, mama," nikasema.

"Usinishukuru."

"Umeniokoa."

"Wewe umri unao," akasema. "Utaanza upya. Utapata mtu au hutapata, lakini hutadanganyika tena. Wewe niache. Mimi nyumba hii imetoka kwenye mguu wangu huu, pedali baada ya pedali. Siwezi kumwachia yeye na kuku wake. Nitakaa."

"Basi kaa, lakini usimjali."

Aligeuka akanitazama, na uso wake ulinitisha, kwa sababu haukuwa na hasira tena. Hasira ningejua cha kuifanya.

"Hujanielewa," akasema. "Miaka yote nilikuwa namhurumia. Naamka asubuhi, namwona pale kitandani amenipa mgongo, najisemea, maskini, mtoto wa watu, hakupewa. Ndiyo nguvu niliyokuwa naamkia. Napika nikimhurumia, nashona nikimhurumia. Hata yule mtoto nilimzika nikimhurumia baba yake. Sasa kesho nitaamka na nini?"

Nilivuta kigoda nikaketi karibu naye, na baada ya kitambo akaikanyaga pedali ya cherehani, akaendelea na mkono wa shati la mtoto wa watu asiyemjua, mpaka ukaisha.